Tumbo la Kizuka

Ndani ya waya watu wote walikuwa wamekonda ila Chamima. Hata mbuzi wa sipai, askari mweusi wa Wareno, alikuwa amekonda, na mbuzi yule alikuwa akila mpaka vikapu. Wareno walikuwa wamewakusanya watu wa vijiji vya kando ya ghuba ya Tungue, wakazichoma nyumba zao, wakawarundika kwenye uwanja uliofyekwa, wakauzungushia seng'enge, wakauita aldeamento na kusema ni kwa usalama wao. Usalama wenyewe ulikuwa huu: kwenda shamba kwa kibali, kurudi mapema, kuhesabiwa kila asubuhi kama kuku, na kupimiwa unga wa mahindi kwa kopo, kidogo kidogo, usije ukabaki wa kuwapelekea watu wa msituni waliokuwa wakipigana na Wareno. Ukimwona mtu ananenepa mahali kama hapo, lazima ujiulize anakula nini, na anakula na nani.

Basi walijiuliza. "Wenzake mbavu nje, yeye shingo imefanya mikunjo," walisema wanawake kisimani. Mmoja aliapa kwamba analetewa samaki wa kopo na askari. Uongo mtupu. Chamima alikuwa kizuka, amekaa eda ya mumewe, hatoki chumbani ila kwa haja, na sipai mwenyewe ilimbidi achungulie mlangoni kila asubuhi ili amhesabu. Askari gani angempata, na wapi? Lakini walisema tu, maana kusema hakukuhitaji kibali.

Aliyewanyamazisha ni Bi Cadija, mama wa marehemu. Siku moja alifika kisimani na ndoo yake, mwembamba kama upawa, akawasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akawaambia, "Mkwe wangu hali samaki wa mtu. Mkwe wangu ana mimba ya mwanangu. Haya, semeni tena."

Hawakusema tena. Wengine walimpa hongera, na wengine, waliojua hesabu ya misiba ya yule bibi, wakajifuta macho kwa ncha za kanga. Bi Cadija alikuwa amezika watoto watano. Mussagy, mume wa Chamima, alikuwa wa sita na wa mwisho.

Mambo yalianza mwaka ule walipohamishiwa humo. Mvua za kwanza zilikuja na surua, na surua ikapita nyumba kwa nyumba ikichukua watoto. Ikamchukua na Saquina, binti wa Chamima na Mussagy, aliyekuwa na miaka miwili na ndiyo kwanza ameanza kumtania babu wa jirani. Chamima alilia wiki nzima, akalia mwezi mzima, halafu hata kulia kukamshinda. Akawa mtu wa kulala tu, uso ukutani. Ukimweka mbele ya chungu, kitaungua huku anakitazama. Mussagy, mkwezi wa minazi, mtu wa mizaha hata juu ya mnazi, aliingiwa na hofu. Akamshika mkono akampeleka kwenye posto ya wagonjwa, kando ya kambi ya askari.

Pale palikuwa na muuguzi wa jeshi, enfermeiro Henrique, kijana aliyetoka kusini mbali, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "njoo" na "bado". Mkalimani wake alikuwa Palmira, mwanamke wa Kimakonde kutoka bara, Mkristo, aliyejifunza Kireno misheni. Palmira ndiye aliyefagia posto, akachemsha sindano, na kuwasemea wagonjwa. Henrique alimtazama Chamima, akamwinua kidevu, akampa vidonge vya manjano, kimoja kila siku, akasema vitamwondolea uzito wa moyo. Havikumwondolea. Vilimfunika tu, akaweza kuamka, kusonga ugali, na kulisikia jina la mtoto bila kuanguka. Si haba.

Safari ya pili alikwenda peke yake. Alimwambia Palmira kwa sauti ya chini kwamba hataki kuzaa tena. Si milele, hataki kuzaa ndani ya waya, hataki kumzalia Mreno mtu mwingine wa kumhesabu asubuhi. Palmira akatafsiri, bila yale ya Mreno. Henrique uso ukamchangamka. Alifungua sanduku akatoa kichupa: dawa mpya, sindano moja kwa miezi mitatu, wala hakuna atakayejua. Kisha akaeleza maneno mengi, akiyahesabu kwenye vidole vyake, kimoja, cha pili, cha tatu. Palmira alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Chamima akasema, "Anasema ni nzuri."

Chamima akakubali, akachomwa.

Mussagy hakuambiwa. Siku ya kwanza Chamima alinuia kumwambia, ya pili akaona angoje kidogo, na baada ya sindano ya pili ikawa haisemeki tena. Siku zake zilivurugika, leo matone, kesho hakuna, na Mussagy alikuwa akimuuliza kwa upole, "Vipi, bado?" Naye alijibu, "Bado. Mungu hajapenda." Alimsingizia Mungu karibu mwaka mzima, na hilo lilimchoma kuliko sindano yenyewe.

Siku kumi baada ya sindano ya nne, Mussagy alitoka na kibali cha kwenda kukwea minazi ya kampuni. Hakuishia hapo, alipitiliza mpaka kwenye minazi yake ya zamani, nusu saa kutoka kwenye waya, na chini ya mnazi wa tatu akakanyaga bomu lililofukiwa. Askari walisema limetegwa na watu wa msituni. Watu walinong'ona kwamba limetegwa na askari. Aliyeletwa nyumbani kwa Bi Cadija alikuwa amefungwa ndani ya jamvi, na jamvi halikujaa.

Chamima akavishwa nguo ya eda, akakaa ndani. Kizuka hajifanyii kazi. Bi Cadija ndiye aliyempikia, akamtekea maji, akamfulia. Mtu anayekufulia anajua habari zako zote. Mwezi wa kwanza Bi Cadija hakuona doa kwenye nguo. Mwezi wa pili hakuona. Mwezi wa tatu alianza kufua huku anaimba, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikiwa na Izraili.

Halafu ikaja njaa. Henrique aliposikia kwamba yule mgonjwa wa huzuni sasa amefiwa na mume, aliongeza vidonge vikawa viwili kwa siku, na Palmira akawa anavileta nyumbani. Chamima akashikwa na njaa ambayo hakuwahi kuijua hata utotoni. Aliamka anawaza wali wa nazi. Aliota mihogo. Alikwangua ukoko wa sufuria kwa kucha, akalamba vidole, akaona aibu, akakwangua tena. Unga wenyewe ulikuwa wa kopo, wa kugawana watu wawili. Mara ya kwanza Bi Cadija alipomkuta anakwangua, Chamima aliinamisha kichwa. Bibi yule akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba.

"Si weye unayekula, mwanangu. Ni yeye."

Kuanzia siku hiyo sahani ikawa moja. Bi Cadija aliileta saa sita mchana, akaketi kando, akatazama tonge baada ya tonge. Ukimwambia naye ale, jibu lilikuwa lile lile: "Nimekula jikoni." Jikoni hakukuwa na kitu. Chamima alijua, lakini njaa ilimwambia asijue, akaitii njaa.

Miezi minne na siku kumi ilipotimia, wanawake walikuja kumwogesha na kumtoa eda. Bi Cadija aliwazuia mlangoni. Akaitwa Mwalimu Ussumane, aliyesomesha watoto Kurani na kuamua mambo ya dini humo ndani. Alisimama nje ya pazia akauliza, "Tangu mumeo afariki, umeona damu?"

"Sijaona," alijibu Chamima, na ilikuwa kweli.

"Na tumbo?"

"Tumbo lipo, Mwalimu," alidakia Bi Cadija. "Kanga haizunguki."

"Basi eda ya mwenye mimba ni kuzaa. Akae."

Akakaa. Msimwone mwongo, mwanzoni alijua kwamba haiwezekani. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sindano ile hukata damu, na mwanamke asiyeona damu, anayekula kama watatu na kutanuka kila mwezi, aamini nini? Alijiambia sindano imeshindwa. Ni kitu cha Mreno. Magari yao yanakwama, redio zao zinakoroma, kwa nini sindano isiharibike? Na wazo hilo, lililomtisha siku ya kwanza, likaanza kuwa tamu. Yeye aliyekataa kuzaa ndani ya waya sasa alilala na mikono tumboni, akimwomba mtoto wa Mussagy asamehe kwamba mama yake alitaka kumzuia asije. Alimpenda. Lisemwe wazi: alimpenda mtoto yule kuliko alivyowahi kumpenda mtu, kwa sababu alikuwa amekuja bila kualikwa, baba yake ameshakwenda.

Mwezi wa saba ukafika, na mtoto hajacheza. Kila asubuhi, sipai akishapita na hesabu yake, Bi Cadija alipaka kiganja tone la mafuta ya nazi, akakiweka juu ya tumbo, akangoja. Walingoja wote wawili, pumzi zimezuiwa. Likinguruma tumbo, Bi Cadija anashtuka, "Huyo!" Kisha hakuna. Mwalimu Ussumane akaulizwa tena, naye akasema mimba huweza kulala. Kitabuni imeandikwa mtoto aweza kukaa tumboni hata miaka minne.

"Hata minne nitamngoja," alisema Bi Cadija, na uso wake ukang'aa.

Chamima aliutazama mkono ule uliokuwa juu ya tumbo lake. Bangili ya shaba ya Bi Cadija, ambayo zamani ilikuwa haivuki kifundo, sasa ilikuwa ikiteleza mpaka kwenye kiwiko. Miaka minne! Kwa mwendo ule bibi asingefika miezi minne.

Palmira alipoleta vidonge Jumatatu iliyofuata, Bi Cadija alikuwa ameondoka kwenda kwenye foleni ya unga. Chamima akamkalisha kwenye mkeka.

"Dada Palmira, sindano ile huharibika?"

"Huharibika vipi?"

"Mtu akachomwa, na bado akashika mimba."

"Nani kashika mimba?"

"Mie. Miezi saba."

Palmira alikuwa akilala posto; habari za kisimani hazikuwa zimemfikia. Kwao bara alikuwa amezalisha wanawake tangu usichana wake, kabla hata ya kuujua huo Ureno. Alimlaza Chamima, akambonyeza tumbo, juu, chini, ubavuni, akarudia. Halafu akaishusha kanga polepole na kuilainisha kwa kiganja.

"Hamna mtu humu, mdogo wangu. Ni mafuta."

"Amelala. Mwalimu kasema."

"Hakuna aliyelala. Sikiliza. Enfermeiro alieleza siku ile, kwa vidole, unakumbuka? Alisema sindano hukata damu, na waweza kukaa hata mwaka baada ya kuiacha usiione. Alisema hunenepesha. Na vidonge navyo hutia njaa, na kunenepesha vilevile. Yote aliyasema."

"Weye uliniambia ni nzuri."

"Niliona haya kutaja damu mbele ya mwanamume. Na kunenepa..." Palmira alifungua mikono, akatazama sakafu. "Watu wanakufa kwa kukonda, Chamima. Mie nikutishe kwa kunenepa? Niliona ni kheri ya bure."

Chamima alitaka kumpiga. Alitaka kumvuta nywele, kumtoa nje, kumwitia watu. Lakini alibaki amelala chali, akamlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwapo, na kilio kikamtoka kile kile cha Saquina, vidonge viwili kwa siku visikizuie hata kidogo. Palmira alilia pamoja naye. Haikusaidia.

"Usimwambie Mama," alisema Chamima baadaye.

"Simwambii. Utamwambia weye. Yule bibi ameanguka juzi kwenye foleni, amemwagiwa maji ndipo akaamka. Hakukwambia? Atakufa, nawe umekaa hapa unakula chakula chake."

Siku mbili Chamima alitafuta njia ya kando. Alifikiria kusema mimba imetoka. Lakini mimba ya miezi saba haitoki bila maiti, na Bi Cadija angetaka kumwona mjukuu wake, amkoshe, amsalie, amzike. Alifikiria kunyamaza na kuacha kula tu. Alijaribu; adhuhuri ikifika, njaa ile ya vidonge ilimshika, mkono ukaenda wenyewe kwenye sahani. Vidonge vyenyewe alivitupa chooni, lakini mwili haukuwa na haraka ya kuvisahau.

Siku ya tatu Bi Cadija aliingia na sahani: ugali, matembele, na dagaa saba waliopangwa kwa utaratibu pembeni. Aliiweka chini akashika ukuta, macho yamefumba, mpaka kizunguzungu kikapita. Ndipo Chamima akajua kwamba ni leo.

"Kaa, Mama. Ule."

"Nimekula jikoni."

"Hujala. Hujala tangu mwezi wa tatu. Mama, tumboni hamna mtoto."

"Usijitabirie mabaya. Amelala."

"Hajalala. Hakuwapo." Akasema yote, haraka haraka, kabla ulimi haujaogopa: vidonge, sindano, damu iliyokatika, mafuta, njaa isiyo ya mtoto. Hakumtaja Palmira na haya zake. Alitaka lawama yote imwangukie yeye, na sehemu kubwa ilikuwa yake kweli.

Bi Cadija alisikiliza akiwa bado ameshika ukuta. Kisha akaketi, taratibu, mfupa mmoja mmoja.

"Sindano ulianza lini?"

"Saquina alipokufa. Mwezi wa pili baada yake."

"Mussagy alijua?"

"Hakujua."

Nje watoto wa Mwalimu Ussumane walikuwa wakisoma kwa sauti, wote pamoja, wakakosea, wakarudia.

"Unajua kule kwenye minazi yetu alifuata nini?" aliuliza Bi Cadija.

"Nazi."

"Nazi ziko tele kwenye minazi ya kampuni. Mie ndiye niliyemtuma. Nilimwambia mkeo hashiki mimba, nenda ukamletee madafu ya ule mnazi mwekundu aliopanda babu yako, mie niliyanywa ndipo nikakuzaa weye. Akasema kule kuna mabomu, Mama. Nikamwambia, mwanamume gani weye." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nimekaa miezi saba najua nimemuua mwanangu, najiambia lakini amenibakishia mtu. Kumbe hata angeyaleta hayo madafu, ungeyanywa huku unajua."

Chamima alilifunika tumbo kwa nguo ya eda.

Bi Cadija aliivuta sahani ikaja mbele yake. Akanawa kwenye bakuli, akamega tonge, akalichovya kwenye matembele, akala. Akamega jingine. Alikula kama mtu anayefanya kazi aliyotumwa, bila haraka, bila ladha, na machozi yalishuka mpaka kidevuni akayaacha yadondoke ndani ya chakula. Dagaa wa kwanza alimla mzima, na kichwa.

"Eda yako ilikwisha zamani," alisema baada ya muda, akitazama sahani. "Oga, uvue hiyo nguo. Una ndugu zako huko Mute, ukaombe kibali wakuchukue."

Hakumwita mwanangu. Chamima alikaa pale pale ukutani, mnene, shingo na mikunjo yake, akimtazama. Alijichukia kwa mengi siku ile, lakini zaidi kwa hili: kwamba katikati ya yote alikuwa anawahesabu dagaa waliobaki. Walikuwa wanne. Tumbo lake likanguruma, kwa nguvu, chumba kizima kikasikia.

Mkono wa Bi Cadija uliokuwa na tonge ulisimama hewani, ukamwelekea Chamima, kwa mazoea tu ya miezi saba. Kisha akaurudisha, akaliingiza tonge kinywani mwake mwenyewe, akatafuna.